Nadhiri ya Filamu Isiyo na Dosari

Jioni ile Kamon aliruka tena mkanda wa tatu. Lamduan, aliyekuwa ameketi kando ya gari la sinema akila wali wa kunata kwa vidole, aliinua macho kwenye skrini akamwona polisi akilia juu ya maiti ya mtu ambaye, punde tu, alikuwa hata hajashuka kwenye treni.

"Kamon, huyu amekufa lini?"

"Kwenye mkanda wa tatu."

"Na mkanda wa tatu uko wapi?"

"Kwenye boksi lake. Shangazi, nani anauliza? Tazama viti. Vyote vitupu."

"Mimi nauliza."

"Wewe si mtazamaji. Wewe unanifanyia kazi, na mke wangu ameshapakua."

Viti vilikuwa vitupu kwa sababu vilikuwa vya Babu. Katika mji ule wa kaskazini mashariki mwa Thailand, mtu aliyemwomba Babu Mlinzi jambo katika hekalu lake jekundu la kando ya bwawa, kisha akalipata, alilipa kama alivyoahidi. Wengine walileta kichwa cha nguruwe, wengine mashada ya maua, na wengi walileta filamu. Mlipaji aliwasha udi, akamjulisha Babu kwamba deni limefika, kisha akaenda zake nyumbani kula. Filamu ilionyeshwa kwa Babu na wafuasi wake wasioonekana, mbele ya safu ya viti vyekundu ambavyo hapana binadamu aliyethubutu kuvikalia. Hakuna aliyeona ajabu katika desturi hiyo, na Lamduan naye hakuona. Alichokiona ni aibu. Kwa kuwa mtazamaji haonekani, kila mtu alikuwa amejipa ruhusa ya kumletea takataka: filamu zilizokatwa, filamu zilizochakaa, filamu zilizochaguliwa kwa sababu ni fupi. Watu ambao wasingethubutu kumpa Babu chungwa lililobonyea walimpa hadithi isiyo na katikati, wakarudi nyumbani na dhamiri safi.

Yeye hakuwa mtu wa kuvumilia jambo hilo, kwa sababu filamu alizijua kwa mdomo. Baba yake alikuwa akizunguka vijijini na gari la dawa za minyoo, akionyesha sinema ili watu wakusanyike wauziwe chupa. Siku hizo filamu zilifika bila sauti ya lugha yao, na mtu mmoja alikaa nyuma ya kipaza sauti akawasemea wote waliomo. Msemaji wa baba yake alipotoroka na muuza aiskrimu, Lamduan aliwekwa kwenye kile kiti akiwa bado na sare ya shule. Alikuwa bibi harusi na jenerali, kichanga na nyati, jambazi na mama wa jambazi, kijiji baada ya kijiji, mpaka koo likawa gumu kama ngozi ya ngoma. Huko ndiko alikojifunza kupima. Mtazamaji akisikia sentensi mbovu huisahau mara moja. Anayelazimika kuitamka huihisi kama mwiba wa samaki. Aliwajua waandishi wavivu kwa majina yao yaliyoandikwa mwisho wa filamu, na aliwachukia mmoja mmoja. Wanakijiji nao walikuwa mahakimu wasio na huruma: mapenzi yakirefushwa mno, walirusha matonge ya wali kwenye skrini, na asubuhi baba yake alikwangua hukumu yao kwa kisu.

Baadaye filamu zikaja na sauti zake tayari, na kazi ya kusemea ikafa. Gari likawa la Kamon, mpwa wa marehemu mumewe. Lamduan akabaki kuwa mchaguzi: ndiye aliyekwenda kwa msambazaji wa mkoa kukodi mikanda, ndiye aliyeitazama yote kabla haijapelekwa kwa Babu, na ndiye aliyegombana na kila mtu.

Kesho yake mchana, Saisunee alikuja hekaluni. Huyu alikuwa muuza soseji chachu katika soko la asubuhi, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi kituo cha mabasi, lakini siku hiyo alikuja kimya. Alikuwa amemshika mkono binti yake, Pinkaew, kama mtu anayemvusha mtoto mdogo barabara, ingawa Pinkaew alikuwa msichana wa kidato cha tano na aibu ilikuwa imemjaa usoni.

"Mama, mkono unatoka jasho."

"Acha utoke."

Mji mzima ulijua kilichowapata. Pinkaew alikuwa amelazwa na homa ya dengi hadi akatoka damu puani, na daktari akamwita mama pembeni kwa ile sauti ya chini ambayo madaktari huiweka akiba. Kisha msichana akapona. Tangu siku hiyo Saisunee hakumruhusu arudi shule wala aende kisimani peke yake. Akipiga chafya tu, soseji ziliungua jikoni. Alikuwa ameshikwa na imani moja: mtoto amerudishwa kwa mkopo, na mpaka nadhiri ilipwe, anaweza kuchukuliwa tena.

Mwenyekiti wa kamati ya hekalu, Mzee Engchai, mwenye kinu cha mpunga, alimpokea kwenye meza ya udi. Lamduan na Kamon waliitwa, maana nadhiri ilikuwa ya filamu.

"Uliahidi nini hasa, mama?" aliuliza Mzee Engchai. "Sema kama ulivyosema."

"Nilisema, Babu, nirudishie mwanangu, nitakuletea filamu isiyo na dosari."

Kamon aliacha kujipepea. "Isiyo na nini?"

"Dosari." Saisunee alitazama sakafu. "Mama yangu alikuwa akitoa vichwa vya nguruwe. Kila mara alisema hivyo hivyo: kichwa kizima kisicho na dosari, masikio yote mawili, hakuna kovu, hakuna jino lililovunjika. Pale hospitali akili yangu ilikuwa haipo. Nilianza na maneno ya mama, halafu katikati nikakumbuka watu husema Babu anapenda sinema. Ikatoka hivyo."

"Ungesema filamu tu," Kamon alinung'unika. "Watu wote husema filamu tu."

"Kwani mimi sijui?"

Mzee Engchai alitikisa kichwa polepole, na Lamduan aliona kwamba moyoni mwake mzee huyo alikuwa anaburudika. "Ilivyotamkwa ndivyo inavyodaiwa," alisema. "Mnamkumbuka yule aliyeahidi mayai ya bata akaleta ya kuku. Pikipiki yake iko wapi? Iko humo bwawani."

Pikipiki hiyo ilikuwa imeingia bwawani kwa sababu mwenyewe alikuwa amelewa, na Mzee Engchai alijua hivyo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa walikuwa wamekunywa pamoja. Lakini kwa miaka mingi alikuwa ameigeuza hadithi hiyo kuwa mjeledi. Kila mwenye hofu aliyefika mezani pale alichapwa nayo, akaongeza sadaka, akaondoka ameinama. Saisunee aliubana zaidi mkono wa binti yake. Lamduan alihisi damu inampanda kichwani.

"Mwenyekiti," alisema, "filamu isiyo na dosari haipo."

"Itafute. Si ndiyo kazi yako?"

"Mimi ninayo," alisema Kamon. "Ile ya wapiga mateke. Kopi mpya, haina mkwaruzo hata mmoja. Safi kama sahani."

"Anazungumzia filamu, wewe unazungumzia plastiki."

"Dosari ni dosari, Shangazi."

"Basi mwuzie Babu kitabu kitupu, kurasa zake nazo hazina kosa."

Mzee Engchai, hata hivyo, aliipenda rai hiyo. Babu, alisema, alikuwa askari enzi za uhai wake, na askari anataka mapigano. Lamduan alimjibu kwamba miguu ya filamu ile ilikuwa hodari kweli. Yule kijana mkuu aliruka juu ya vibanda vya soko bila kamba wala udanganyifu, na mtu mwenye macho lazima amheshimu. Ila kila miguu ilipopumzika, midomo ilianza kazi, na midomo haikuwa na la kusema. Adui alieleza mpango wake wote kwa mtu aliyekuwa karibu kumwua, kana kwamba anatoa ushahidi mahakamani. Dada wa shujaa aliwekwa humo ili atekwe, akaokolewa, akatekwa tena. "Ni nusu filamu," alisema. "Nusu nzuri sana. Nusu nyingine waliwaachia farasi waiandike."

"Basi ya kuchekesha," alisema Kamon.

"Ile ya wapishi wawili? Mwanzo wake ni mwepesi kama unga. Halafu wakagundua kwamba watu wamecheka mtu alipoanguka, basi wakamwangusha mpaka mwisho. Mzaha ukirudiwa bila kukua unakuwa ugonjwa."

"Ya kutisha."

"Kamon, unampeleka mzimu kutazama mizimu? Ni kama kumwonyesha muuguzi filamu ya sindano. Isitoshe, zote zina ugonjwa mmoja: zinatisha mpaka pale mzimu unapotokea. Ukishauona una kucha za plastiki, hofu imekwisha, na bado umebaki muda mrefu wa kuutazama ukikimbia kwenye korido."

"Mapenzi?" Saisunee aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, katika filamu za mapenzi nimelia mara nyingi, nami sijutii. Wanajua kutazamana. Lakini hakuna hata moja ambamo wapenzi hawakutenganishwa na jambo ambalo lingemalizwa kwa sentensi moja. Sentensi hiyo nimeitafuta kwenye kipaza sauti ujana wangu wote. Ningeruhusiwa kuisema, filamu zote zingeisha kabla ya mvua kunyesha."

Pinkaew alicheka. Ndiyo mara ya kwanza mtu kumsikia akicheka tangu hospitali, na mama yake alimgeukia haraka kutazama kama kicheko hicho hakikuwa kikohozi.

Mzee Engchai alikuwa amechoka. "Dada Lamduan, umekula filamu zote za mkoa, umetema mifupa. Sasa sisi tufanye nini? Sema moja haina dosari, tumalize. Huyu mama apate usingizi."

Wote wakamtazama. Saisunee naye aliinua uso, na uso huo ulikuwa mgumu kuutazama.

Walipotoka nje, Saisunee alimfuata Lamduan hadi kwenye gari, binti yake akiburutwa nyuma.

"Shangazi, watu wote sokoni wanasema wewe ukisema filamu ni nzuri, ni nzuri. Sikuombi pesa, sikuombi kazi. Sema neno moja tu. Sema ipo. Mimi nitakuamini, na Babu atakusikia."

"Hata kama ni uongo?"

"Nitajuaje mimi kama ni uongo? Sitazami. Sijawahi kukaa nikatazama filamu hata moja pale. Nawasha udi, naondoka."

Lamduan hakulala vizuri juu ya maneno hayo. Lingekuwa neno dogo sana. Lingemfungua mama, lingemfungua na mtoto, na lisingemgharimu yeye kitu ila kile alichokuwa amekilinda tangu alipokuwa na sare ya shule, ambacho hakuna mtu mjini aliyewahi kumwomba akilinde. Alijua vilevile jinsi neno hilo lingekaa ndani ya Saisunee. Leo angeamini. Mwezi ujao msichana angepata mafua, na mama angekaa jikoni akijiuliza kama shangazi yule alikuwa amesema kweli au alikuwa amemhurumia. Amani iliyojengwa juu ya huruma ya uongo ingebomolewa na kamasi. Kadiri alivyowaza ndivyo hasira yake ilivyohama kutoka kwa mwanamke aliyetamka vibaya ikaenda kwa wale waliomfundisha kwamba Babu, aliyelinda mji tangu ukiwa vibanda na matope, ni mdai anayevizia watu kwenye maneno yao.

Asubuhi alimkuta Mzee Engchai hekaluni akimwagilia maua.

"Nimechagua," alisema. "Ile ya mama mchemsha chumvi."

"Haina dosari?"

"Inazo. Nitazitaja zote mbele ya Babu, kwa sauti, kabla haijaonyeshwa. Kisha Saisunee arushe vibao vya ramli amwulize kama anaipokea hivyo ilivyo."

Mzee aliweka chini kopo la maji. "Haiwezekani. Nadhiri haibadilishwi. Ukimruhusu mmoja alete chenye dosari, kesho wote wataleta."

"Wameleta miaka yote. Juzi umeleta wewe mwenyewe, na Kamon akaruka mkanda wa tatu. Tofauti ni kwamba hatusemi."

"Kamon aliruka mkanda wangu?"

"Mtu alikufa kabla hajafika mjini, Mwenyekiti. Ungekuwepo ungeona."

Mzee Engchai aliokota tena kopo la maji. Kisha akasema, kwa unyonge usio wa kawaida yake, "Ile ilikuwa kwa ajili ya mgongo wangu. Na mgongo umeanza kuuma tena."

"Mimi si daktari wa mgongo. Ninachosema ni kwamba muuza samaki mwaminifu hukuonyesha jicho la samaki. Kama sisi tunamwogopa Babu kiasi cha kumtisha mama wa watu, basi tumwogope kiasi cha kumwambia ukweli. Au hatumwogopi? Niambie sasa, nijue ninafanya kazi gani hapa."

Mwenyekiti alirudi kwenye maua yake. Alisema tu kwamba vibao vikikataa, yeye hayumo.

Saa ya alasiri, walikusanyika mbele ya sanamu ya Babu. Habari ilikuwa imetangulia, na watu wa sokoni ambao hawajawahi kukanyaga uwanja ule wakati wa filamu walikuja kusimama mlangoni, kwa sababu walikuwa wamesikia kwamba Lamduan anakwenda kusema ubaya wa kitu hadharani. Saisunee alipiga magoti, Pinkaew kando yake. Lamduan naye akapiga magoti, akakohoa kusafisha koo, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kipaza sauti, iliyojaza nyumba yote bila kupandishwa.

"Babu, mama huyu alikuahidi filamu isiyo na dosari. Alikuwa na hofu, na mimi nimetafuta, sikuipata. Ninakuletea iliyo bora kuliko zote nilizozitazama mwaka huu. Ubora wake ni mikono. Utamwona mwanamke akikwangua udongo wa chumvi, akiuchuja, akichochea moto, na hakuna anayekuharakisha. Aliyeipiga picha alijua kwamba kazi ni hadithi tosha. Mama na mwanawe wanagombana kwa kunyamaza, na kunyamaza huko kumeandikwa vizuri kuliko maneno ya filamu kumi.

"Sasa dosari zake. Mchemsha chumvi huyo ana meno ya mchumba wa tajiri. Hakuna moshi uliowahi kuyagusa. Katikati umewekwa wimbo usio wa mhusika yeyote, kwa sababu mwimbaji ni mpwa wa mwenye pesa za filamu, nadhani. Mbwa anamtazama mpiga picha mara mbili, na hakuna aliyejali kurudia. Na kubwa kuliko zote ni mwisho. Mwana anachukuliwa na mafuriko. Hadithi nzima imetuandaa kwa kifo chake. Mama ameshatafuta mwili, ameshakata nywele kwa msiba. Kisha ghafla mwana anatokea njiani, amebeba gunia, mzima, na hatuambiwi kilichomwokoa. Mwandishi aliogopa hadithi yake mwenyewe, akaikimbia. Hizo ndizo ninazozijua. Kama ipo nyingine, macho yangu ndiyo yenye lawama, si mama huyu."

Mlangoni mtu mmoja alinong'ona, "Kuhusu mbwa nilisikia," akakanyagwa mguu.

Saisunee alivichukua vile vibao viwili vyekundu vyenye umbo la mwezi mchanga. Kila mtu pale alijua kuvisoma: kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, Babu amekubali, vyote kifudifudi, amekataa, vyote chali, anacheka. Alivirusha juu. Vikaanguka. Vyote chali.

"Anacheka," alisema Mzee Engchai.

"Anacheka nini?" Saisunee aliuliza kwa hofu.

"Labda mbwa," alisema Pinkaew.

Alirusha tena. Kimoja kifudifudi, kingine chali. Mzee Engchai aliinama kuvitazama kwa karibu, akavizunguka, kisha akakiri kwamba hicho ni kibali, na ni kibali safi. Saisunee alibaki amepiga magoti muda mrefu, paji la uso likigusa sakafu.

Jua lilipozama, alisimama mbele ya gari, amewasha udi wake, tayari kuondoka kama desturi. Lamduan alimzuia.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimeshalipa."

"Ulimwahidi Babu kitu usichokijua, ukamletea kitu usichokijua. Leo utakaa utazame."

"Shangazi, viti ni vya Babu."

"Sikusema viti. Lile hapo ni boksi la barafu. Kamon, lete na mkeka. Na wewe Kamon, ukiruka mkanda leo, nitausemea mimi kwa mdomo, wote, na chakula chako kitapoa."

Mzee Engchai alilalamika kwamba jambo hili halijawahi kufanywa. Hata hivyo alikaa, ukingoni mwa mkeka, akisema ni kwa ajili ya mgongo. Watu wa mlangoni nao walisogea, mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka kwamba hawana haraka, nao walikuwa wamekuja kuziona zile dosari. Mbwa alipotazama upande wao mara ya kwanza, uwanja mzima ulipiga kelele za furaha. Wimbo wa katikati ulizomewa kwa heshima. Lakini mama alipokwangua udongo, muuza nyanya aliyekuwa mbele ya wote alikuwa ameacha kutafuna.

Mafuriko yakaja. Mama akatafuta, akakata nywele. Kisha mwana akatokea njiani na gunia lake, na Lamduan, aliyekuwa amesimama nyuma na mashine, akatikisa kichwa kwa uchungu wa zamani.

Taa ilipowashwa, Saisunee alikuwa amekaa vilevile juu ya boksi, uso umelowa.

"Shangazi, ule mwisho uliouita dosari."

"Ndiyo."

"Si dosari."

Lamduan alizima feni ya projekta. "Mwanangu, usianze."

"Nakwambia si dosari. Unasema hatuambiwi kilichomwokoa. Mimi nani aliniambia? Daktari alikuwa ameshaniita pembeni. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nguo gani nitamvalisha. Asubuhi nimeingia, amekaa, anaomba uji. Nilimwuliza daktari kwa nini, akasema hata yeye hajui. Sasa yule mwandishi angesema nini?"

"Wewe yalikutokea. Jambo likitokea halidaiwi sababu. Likitungwa linadaiwa, kwa sababu kuna mtu ameamua litokee, na mtu huyo alikuwa na muda wa kufikiri."

"Labda alifikiri."

"Hakufikiri. Naijua miisho ya watu wasiofikiri, nimeitamka mia."

"Basi hii hukuitamka. Umeisikia tu."

"Saisunee, nimekuwa nikipima filamu kabla hujazaliwa."

"Na mimi nimezaa. Na kuhusu meno, mimi nikiingia kwenye sinema nataka meno yale yale. Kwani nimekwenda kujitazama?"

Mzee Engchai alisema kwamba kwa maoni yake wote wawili walikuwa wamekosea, na dosari halisi ni kukosekana kwa mapigano. Wanawake hao wakamgeukia pamoja, wakamjibu pamoja, na kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyemaliza sentensi. Pinkaew alisimama akajinyoosha, akasema anakwenda kununua saladi ya papai ng'ambo ya barabara. Mama yake, aliyekuwa katikati ya kueleza tena jambo la uji, alimpungia mkono kwamba aende, na asisahau pilipili.

Lamduan alikwenda kulala akiwa na hasira. Alikuwa amepata alichokitaka kwa miaka yote hiyo, watu wakae, watazame, waseme. Na mtu wa kwanza kusema alikuwa amesema upuuzi, kwa moyo wake wote, na upuuzi ule haukuwa rahisi kuujibu.

Asubuhi kabla hajanywa kahawa, mtu alibisha hodi. Alikuwa Prasoet, mtengeneza baiskeli, kofia mkononi, mwenye haya.

"Shangazi, nimekuja kwa habari ya filamu ya Babu. Mimi niliomba mke wangu arudi kutoka kwa dada yake."

"Nimesikia amerudi. Hongera."

"Amerudi, ndiyo. Amerudi na mama yake." Aligeuza kofia. "Kwa hiyo nilikuwa nataka filamu yenye dosari. Si mbaya kabisa. Yenye dosari za wastani. Na uzitaje vile vile, kwa sauti, ili Babu ajue kwamba na ya kwake nimeiona."

Lamduan alifikiria kumfukuza. Alifikiria kumweleza, tangu mwanzo, hukumu ni nini na ukweli ni nini na kwa nini si fimbo ya kumpigia Babu. Kisha akavuta kigoda kwa mguu, akakisukuma upande wake.

"Kaa," alisema kwa ukali. "Huyo mama mkwe anapenda filamu za namna gani?"